Msafara wa baiskeli hauendi kwa miguu ya vijana peke yake

Kwa muda sasa yamekuwa yakisikika katika mabaraza ya Mjini, Chake Chake na Wete maneno ya kufurahisha. Vijana wa Unguja na Pemba, wanawake kwa wanaume, wanakusudia kuunda timu ya kuendesha baiskeli masafa marefu, kuvuka bahari na kuishika barabara kuu ya Bara hadi Butiama, ili kukusanya michango ya kununulia vifaa vya wodi za wazazi na watoto wachanga. Baadhi yao wamekwisha kuanza mazoezi. Anayetoka msikitini baada ya sala ya alfajiri huwaona wakipita kwa makundi, taa zikimulika mbele ya baiskeli zao, kabla magari hayajaijaza barabara.

Sisi tunaiunga mkono azma hiyo bila ya kusitasita. Kijana anayeamka usiku kuuzoeza mwili wake kwa ajili ya mtoto mchanga asiyemjua, ambaye pengine hatamwona maishani, ni kijana aliyekwisha kuelewa maana ya utu. Lakini kuunga mkono si kupiga makofi. Azma njema ikiachwa bila ya mpango huishia katika majuto, na majuto ya safari ya aina hii huweza kuwa ni roho ya mtu, au imani ya wananchi, ambayo ikishapotea hairejei kwa urahisi. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kusema mapema, na kusema kwa uwazi, yale ambayo vijana hao, wafadhili wao na viongozi wetu wa ngazi zote wanapaswa kuyatengeneza kabla gurudumu la kwanza halijateremka katika meli.

Hapana sababu ya kuuona mchezo huu kuwa ni mgeni kwetu. Baiskeli imevijenga visiwa hivi. Imemchukua mwalimu kwenda skuli, imemchukua mvuvi na kapu lake la samaki kwenda mnadani, imebeba nazi, mkaa, majani ya ng'ombe na hata wagonjwa katika keria yake. Wala safari ndefu ya kujitolea si jambo geni katika nchi yetu. Mwaka 1967, baada ya kutangazwa kwa Azimio la Arusha, vijana walitembea kwa miguu mamia ya kilomita kuonesha kwamba wameliafiki. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, kwenda katika mkutano mkuu wa TANU. Na katika matembezi hayo ya mwaka 1967 taifa lilimpoteza kijana Seti Benjamin, aliyefariki njiani akitokea Arusha kwenda Dar es Salaam. Jina lake tunalitaja kwa heshima. Tunalitaja pia kwa sababu linatukumbusha kwamba barabara ndefu haimwonei haya mtu kwa kuwa nia yake ni njema.

Siku hizi upo msafara wa baiskeli unaojulikana kwa jina la Twende Butiama, ulioanza mwaka 2019, ambao hutoka Dar es Salaam na kufika Butiama kumbukumbu ya Oktoba 14, siku aliyofariki Mwalimu mwaka 1999. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,300. Njiani wasafiri hao hupanda miti na kusaidia skuli na huduma za afya. Na mwezi wa Septemba 2025 mji wa Kigali, hapo kwa jirani zetu wa Rwanda, uliyapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, nayo ilikuwa ni mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika katika bara la Afrika. Kwa hiyo vijana wetu hawaoti ndoto. Wanataka kuingia katika safu ambayo wenzao wamekwisha kuipanga.

Jahazi na mabaharia wake

Kosa la kwanza tunalolihofia ni kudhani kwamba timu ya baiskeli ni waendesha baiskeli. Sisi watu wa visiwani tunapaswa kuwa wa mwisho kufanya kosa hilo. Hakuna kati yetu asiyejua kwamba jahazi haliendi kwa tanga peke yake. Lina nahodha, lina serahangi, lina anayepika, lina anayefua maji kule chini asikoonekana na mtu. Tanga ndilo linaloonekana na kila aliyesimama pwani, lakini anayefua maji akilala, tanga halitawafikisha watu popote.

Tuangalie wenzetu wa mbali walivyofanya. Huko Marekani zipo mbio za kuivuka nchi hiyo kutoka pwani ya magharibi hadi ya mashariki, zilizoanza mwaka 1982 kwa waendeshaji 4 tu, na ambazo urefu wake unakaribia kilomita 4,800. Timu nyingi zinazoingia humo huchangisha fedha za hisani. Waendeshaji hupokezana, mmoja akiwa barabarani na wenzake wakipumzika garini, na usiku ni sharti gari limfuate mwendeshaji kwa nyuma na kumwangazia njia. Asiye na gari na wasaidizi haruhusiwi kuendelea, hata awe na nguvu za simba.

Kwa safari ya vijana wetu tunaona kwamba kikosi cha huduma kisipungue watu 7. Awepo mkuu wa msafara, ambaye neno lake ndilo la mwisho barabarani, na asiwe mwendeshaji, kwa sababu aliyechoka hawezi kumwamulia aliyechoka. Wawepo madereva 2 wenye leseni halali na waliolala usingizi wa kutosha. Awepo fundi anayejua kunyoosha ringi, kubadili gololi na kuunga mnyororo kando ya njia, akiwa na sanduku lake la spoki, tairi, mipira ya ndani, waya za breki, viraka na gundi. Awepo muuguzi mwenye dawa na mwenye mamlaka ya kumwambia kijana ateremke katika baiskeli, na kijana akateremka. Awepo mpishi. Na awepo mtunza fedha na kumbukumbu, ambaye habari zake tutazieleza zaidi hapa chini.

Kwa kuwa katika timu wamo wanawake, tunasisitiza kwamba na katika kikosi cha huduma wawemo wanawake watu wazima, na malazi yapangwe mapema kwa namna itakayowapa wazazi utulivu wa moyo. Mzazi wa Kizanzibari hamzuii binti yake kwa ubaya. Humzuia kwa sababu hajaambiwa atalala wapi na nani atakuwa mlangoni. Aelezwe hayo kwa maandishi, na ruhusa itapatikana.

Hesabu nazo zifanywe kabla, si njiani. Tuchukue mfano. Waendeshaji 10 na wasaidizi 7 ni watu 17. Wakiwa safarini siku 14, wanakwenda kilomita 100 kwa siku, hiyo ni milo ya mtu mmoja kwa siku 238. Tukikisia shilingi 15,000 kwa mtu kwa siku, chakula peke yake kitafika shilingi 3,570,000. Mwendeshaji anayekwenda kilomita 20 kwa saa atakuwa barabarani saa 5 kila siku. Akinywa lita moja kwa saa, na katika jua la Kanda ya Kati hatakunywa pungufu ya hapo, timu itahitaji lita 50 za maji kwa waendeshaji peke yao, kila siku, bila ya kuhesabu maji ya kupikia, ya kuoga na ya kutawadhia. Hapo bado nauli ya meli, mafuta ya magari, malazi, dawa na vipuri. Mtu asiyeweza kuziandika hesabu hizi katika karatasi hajawa tayari kuandika barua ya kuomba ufadhili.

Barabara yenyewe ijulikane. Kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze na Morogoro ndipo penye malori mengi, na bega la barabara kwa sehemu kubwa ni jembamba. Baada ya Singida upo mteremko wa Sekenke, ambapo kijana aliyezoea barabara za tambarare za Unguja ataona baiskeli inataka kumkimbia. Mwenye mazoezi ya Pemba, aliyezoea vilima vyake, atakuwa na la kuwafundisha wenzake. Kofia ngumu, fulana za kung'aa, taa za mbele na nyuma, na gari la kufuata lenye bendera na maandishi ya onyo, hayo si mapambo. Asiye navyo asipandishwe melini. Na mwendo uanze alfajiri, upumzike saa 5 za mchana kabla jua halijawa kali, wala pasiwe na kuendesha usiku. Dini yetu imempa msafiri wepesi katika ibada zake. Hivyo hakuna udhuru wa kusema kwamba sala imevuruga ratiba, wala kwamba ratiba imevuruga sala. Panapo nia, vyote viwili huingia katika siku moja.

Makapu mawili

Jambo la pili, ambalo kwetu sisi ni zito zaidi, ni fedha.

Wapo wananchi wanaouliza, na wana haki ya kuuliza: ikiwa safari itagharimu milioni kadhaa, kwa nini fedha hizo zisipelekwe hospitali moja kwa moja, na vijana wakabaki majumbani kwao? Swali hili lisijibiwe kwa hasira wala kwa kumwona muulizaji kuwa ni mpinzani wa maendeleo. Ni swali la mtu aliyezoea kuhesabu shilingi yake. Jibu lake ni moja tu. Safari ya hisani ni halali ikiwa gharama zake zimelipiwa na watu waliotoa kwa ajili ya safari, na kile kilichotolewa kwa ajili ya watoto wachanga kikawafikia watoto wachanga chote, bila ya kupunguzwa hata shilingi ya chai. Ikiwa sivyo, basi tunawapeleka vijana kutembea kwa jina la wagonjwa, na hilo hatutaliunga mkono.

Kwa hiyo tunashauri pawe na makapu mawili. Kapu la kwanza ni la safari. Humo hutiwa fedha za wadhamini, makampuni, wafanyabiashara na mashirika waliokubali kwa maandishi kulipia mafuta, nauli, chakula na vipuri. Kapu la pili ni la sadaka. Humo hutiwa kila shilingi iliyotolewa na mwananchi barabarani, msikitini, kanisani, skulini na sokoni. Makapu hayo yawe na akaunti mbili benki, na mkono wa kapu la kwanza usiingie katika kapu la pili hata siku moja, hata kwa kuazima. Huko Massachusetts, Marekani, upo msafara wa baiskeli wa kuchangia matibabu ya saratani ulioanza mwaka 1980 kwa waendeshaji 36, waliopata dola zipatazo 10,000. Leo jumla ya michango yake tangu siku hiyo imepita dola bilioni 1. Waandalizi wake wamejiwekea utaratibu kwamba kinachokusanywa na waendeshaji chote kinakwenda katika hospitali ya saratani, na gharama za maandalizi zinatafutiwa njia nyingine. Watu hawakuendelea kutoa kwa zaidi ya miaka 40 kwa sababu baiskeli zinapendeza. Waliendelea kwa sababu walijua walichotoa kimekwenda wapi.

Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba sadaka bila daftari humpotezea aliyepewa, aliyetoa na aliyepokea. Mtunza fedha awe mtu anayeaminika, na mtu anayeaminika ndiye wa kwanza kukubali kukaguliwa. Pawe na saini za watu 3 katika kila hundi. Stakabadhi itolewe kwa mwenye shilingi 500 kama inavyotolewa kwa mwenye shilingi 500,000. Ndani ya siku 30 tangu kurejea, hesabu zote zibandikwe katika ofisi za masheha na zipelekwe katika magazeti. Sisi kwa upande wetu tunaahidi kuzichapa bila ya malipo.

Tunayasema haya kwa uchungu, kwa sababu na sisi tuna la kujikosoa. Miaka kadhaa iliyopita vijana wachache walivuka kwenda Bara kwa madhumuni kama haya haya. Tuliwaandikia maneno mazuri katika ukurasa huu, na baadhi yetu tulikaa katika kamati yao. Ofisi moja iliahidi gari la kufuata. Siku ya safari gari halikuja, na sisi, badala ya kuwazuia vijana, tuliwaambia waende, gari litawakuta njiani. Halikuwakuta. Siku ya pili mmoja wao alipasukiwa na tairi katika mteremko akaanguka vibaya. Wenzake walikwisha kutangulia mbali, na aliyemwokota alikuwa ni dereva wa lori, Mungu amlipe kheri. Fedha zilizokuwa zimekusanywa kwa ajili ya wagonjwa zilimalizikia katika matibabu ya kijana huyo na nauli za kurejea. Hakuna aliyeiba. Lakini hapakuwa na daftari wala makapu mawili, na hata leo yupo bibi mmoja katika kijiji cha Kaskazini ambaye kila akituona hutuuliza vilifika vitanda gani vilivyonunuliwa kwa mayai yake aliyoyauza. Hatujawahi kumpa jibu la kumtosha. Kijana yule alipona, ila mkono wake haukunyooka tena. Kwa watu hao wawili tunadaiwa, na ndiyo maana safari hii hatutakubali kunyamaza.

Kwa wafadhili

Tunajua kwamba barua za kuomba ufadhili zimekuwa nyingi, na kwamba wenye maduka, wenye hoteli na wenye makampuni wamechoka kuombwa. Vijana waelewe kwamba barua isemayo "tunaomba msaada wenu wa hali na mali" haimwambii mfadhili kitu. Barua njema hutaja kinachotakiwa, kiasi chake, siku ya kukihitaji, na yule atakayekipokea kwa saini. Aombwe mwenye kampuni ya meli tiketi 17 za kwenda na kurudi. Aombwe mwenye kituo cha mafuta lita kadhaa. Aombwe mwenye duka la vipuri tairi na mnyororo. Aombwe fundi wa Darajani siku 14 za kazi yake, na ahesabiwe kuwa ni mfadhili kamili, jina lake liandikwe pamoja na ya wenye mabenki. Mtu akiombwa kile alicho nacho hutoa kwa moyo mweupe.

Nao wafadhili tunawaomba mambo mawili. Kwanza, ahadi ni deni. Anayejua hatoi aseme mapema kwamba hatoi, na hatuna ugomvi naye. Anayeahidi mbele ya wapiga picha, kisha simu yake haipatikani siku ya safari, huyo amewatendea vijana jambo baya kuliko yule aliyekataa tangu mwanzo. Pili, ni haki yao kutangaza biashara zao, na jina la mfadhili katika fulana si dhambi. Lakini fulana ina mgongo mmoja. Isije ikawa jina la wodi ya watoto limesukumwa chini ya kwapa, huku majina ya bidhaa yakijaa kifuani. Na fedha zitokazo katika biashara ya ulevi na tumbaku zirejeshwe kwa adabu. Haiwi sawa kuchangia pumzi ya mtoto mchanga kwa faida ya kinachowaharibia watu wazima pumzi zao.

Kwa viongozi

Sasa tunageukia upande wa Serikali na Chama, yaani tunajigeukia wenyewe.

Vijana hawa watahitaji karatasi. Watahitaji kutambuliwa na Baraza la Taifa la Michezo, watahitaji kibali cha kuchangisha, watahitaji barua za kuwatambulisha kwa Wakuu wa Mikoa na Wilaya watakazopita, na gari lao litahitaji kukamilisha taratibu za kuvushwa kwenda Bara. Hakuna hata moja katika hayo lisilo na msingi. Ubaya hutokea pale kijana anapoambiwa "njoo kesho" mara saba, kila mara na mtu mwingine, hata akalipa nauli za daladala kuzidi bei ya tairi. Tunapendekeza kwamba ofisi inayohusika na vijana imteue ofisa mmoja, mmoja tu, atakayeshughulikia jambo hili tangu barua ya kwanza hadi hesabu ya mwisho, na ambaye wananchi watamjua kwa cheo chake. Jambo lenye wenyewe wengi mara nyingi hukosa mwenyewe.

Jeshi la Polisi, Visiwani na Bara, lipewe ratiba ya msafara mapema, ili askari wa usalama barabarani wa kila mkoa wajue ni siku gani na saa ngapi vijana watapita. Uongozi wa hospitali nao uulizwe kwanza ni vifaa gani vinavyohitajika. Tumepata kuona misaada iliyotolewa kwa shangwe, kisha ikakaa stoo kwa kukosa umeme wake, vipuri vyake au mtu wa kuiendesha. Madaktari na wakunga ndio waandike orodha, wala si mfadhili na wala si mpiga picha.

Lipo na jambo la mgeni rasmi. Tunalisema kwa heshima zote. Msafara uliopangwa kuondoka saa 12 za asubuhi uondoke saa 12 za asubuhi, hata kama mgeni rasmi hajafika. Tumeona mara nyingi watu wamepangwa juani wakisubiri hotuba, na hotuba ya kwanza ikizaa ya pili na ya tatu, hadi saa 4. Kwa wanafunzi wa halaiki hilo ni usumbufu. Kwa mtu atakayekwenda kilomita 100 siku hiyo hiyo ni hatari, kwa kuwa saa alizoibiwa asubuhi atazilipa mchana katika jua, au magharibi katika giza. Kiongozi anayewapenda vijana hawa afike alfajiri, awape mkono, aseme maneno mawili, kisha akae pembeni waende zao. Hotuba ndefu zingojee siku ya kurejea, baada ya hesabu kusomwa.

Na sisi wanachama tusiufanye msafara huu kuwa ngazi ya kupandia. Watoto wachanga hawana kadi ya chama chochote, na michango yao itatoka kwa kila mwananchi. Chama kilichozaliwa Februari 5, 1977 kwa kuunganishwa TANU na ASP kitajengeka zaidi kwa kazi iliyofanyika vizuri kuliko kwa bendera zilizofungwa katika baiskeli za watu.

Tuanze nyumbani

Mwisho tunatoa ushauri ambao pengine vijana hawataufurahia. Wasianze na Butiama. Waanze na nyumbani.

Waondoke Makunduchi, wapite Mjini, walale Nungwi. Warudi bandarini, wapande meli hadi Mkoani, waipande Pemba kupitia Chake Chake na Wete hadi Konde. Ni safari ya siku chache. Ikitokea hitilafu, hospitali haiko mbali na jamaa wapo kila kijiji. Hapo mkuu wa msafara atajua kama sauti yake inasikilizwa, fundi atajua vipuri gani vinapungua katika sanduku lake, mpishi atajua sufuria gani ni ndogo, na mtunza fedha atajua kama makapu mawili yamebaki mawili. Hesabu za safari hiyo zichapwe. Wananchi wakiziona na kuridhika, mwaka unaofuata vijana wavuke, na waungane na wenzao wa Bara waliokwisha kuijua njia, badala ya kujifunza upya kwa kuanguka. Na ikiwa siku ya kuvuka itafika, na gari la kufuata halipo, au fedha za kapu la safari hazijatimia, msafara uahirishwe. Kuahirisha si aibu. Nahodha anayeingoja kusi ipoe hatukanwi na mtu, na wenye kumngojea nyumbani humshukuru.

Tunawapongeza vijana wetu kwa moyo wao. Tunawaomba wazazi wawape ruhusa baada ya kupewa maelezo, wafadhili watimize ahadi, na maofisa wafungue milango. Sisi tutakuwa bandarini alfajiri hiyo tukiwa na daftari mkononi, na tutakuwepo tena siku watakaporejea ili kuwahesabu waendeshaji mmoja mmoja, na kuzihesabu shilingi moja moja. Zikitimia hesabu hizo mbili, tutakwenda Kaskazini kumpa bibi yule jibu lake.